Mkutano wa kijani na magari 20: kisa kutoka Mtwara

Mtwara haina jumba kubwa la mikutano kama AICC ya Arusha, wala ukumbi wa kufanana na Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere cha Dar es Salaam. Hata hivyo mikutano haiishi. Makao makuu ya Bodi ya Korosho yako hapa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko nje kidogo ya mji. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba, na bandari yenye kina cha asili inapakia korosho ghafi na makaa ya mawe. Kila sekta ina wadau wake, na wadau wanaitana: vikao vya maandalizi ya msimu, warsha za pembejeo, makongamano ya uwekezaji. Wiki yenye mkutano mkubwa utaijua kwa uhaba wa vyumba vya wageni mtaa wa Shangani na kwa msururu wa magari meupe nje ya kumbi.

Kisa ninachokichambua ni cha mkutano wa wadau wa siku tatu, uliofanyika kiangazi, kabla minada ya korosho haijafunguliwa. Waalikwa walikuwa kama 250. Wengi walitoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu na Lindi, na wapatao 30 walitoka Dar es Salaam. Taasisi iliyouandaa siitaji jina, kwa kuwa ilichofanya ndicho kinachofanywa na karibu kila mwandaaji hapa, na kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyoomba tathmini baada ya mkutano na kunikabidhi kazi hiyo. Hesabu nitakazozitoa nimezifanya za mviringo ili msomaji aweze kuzipiga upya kwa kalamu yake.

Waandaaji walitaka uwe mkutano wa kijani, na walimaanisha. Nalisema hili mapema kwa sababu ni rahisi kuwabeza, nami sitaki. Kila mshiriki alipewa mfuko wa kijani wenye ujumbe wa kutunza mazingira. Mapipa ya taka ya rangi tatu yaliwekwa mlangoni mwa ukumbi. Alasiri ya siku ya pili washiriki walipelekwa shule ya msingi ya jirani kupanda miche, kila mtu mche wake. Hotuba ya ufunguzi ilikumbusha kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na mvua zilizokata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, ikabaki kama kisiwa. Hakuna aliyekuwa ukumbini ambaye hakuelewa. Kila mmoja alikuwa na ndugu aliyekwama, au mzigo uliooza njiani.

Kilichowauma zaidi waandaaji baada ya siku ya kwanza ni chupa. Kila mshiriki alipata chupa za maji za nusu lita: mbili asubuhi, moja kwenye chakula, moja jioni. Watu 250 mara chupa 4 mara siku 3 ni chupa 3,000, yaani katoni 125 za chupa 24. Zilionekana kila mahali, chini ya viti, juu ya madirisha, kwenye maua, nyingi zikiwa na maji nusu. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 halikugusa chupa za maji, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Yale mapipa ya rangi tatu yalijaa kabla ya saa sita, na gari lililokuja jioni likamwaga yote matatu kwenye tela moja.

Hapo pana jambo ambalo watu wa nje ya Kusini hawalioni. Dar es Salaam chupa tupu haikai barabarani, anayeokota ana mahali pa kuuza. Huku chupa ni nyepesi na inachukua nafasi kubwa, wakati viwanda vinavyoinunua kwa wingi viko Dar es Salaam, umbali wa kilomita karibu 560. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, kwa hiyo zile 3,000 zote pamoja hazizidi kilo 60. Nani atakodi nafasi kwenye lori kwa kilo 60 za upepo? Zisipobanwa na kufungwa marobota, bei yake hailipi nauli. Basi huishia dampo la Manispaa, au huchomwa nyuma ya ukumbi, na moshi wake unakwenda kwa majirani. Kuweka pipa lenye picha ya mishale inayozunguka, ile alama ya urejelezaji, mahali ambapo hakuna mnunuzi ni kumwahidi mshiriki jambo ambalo mji haujajiandaa kulitimiza.

Dawa ya chupa ipo na si ngeni. Washiriki 250 wakinywa lita 2 kwa siku, kwa siku 3, ni lita 1,500, yaani madumu 80 ya lita 18.9 yale yanayorudishwa kujazwa tena. Desemba 2009, jiji la Copenhagen lilipopokea mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, COP15, wajumbe walipewa maji ya bomba, na wenyeji wakaacha kugawa zawadi za mkutano, fedha yake ikaenda kwenye ufadhili wa masomo kwa wanafunzi. Sisi hatuna haja ya kuanza na maji ya bomba. Mshiriki wa hapa anaiamini chupa iliyofungwa kwa sababu anakumbuka kipindupindu, na hofu hiyo ina msingi. Dumu lenye lakiri, lililofunguliwa mbele yake, linajibu hofu hiyo.

Kinachobaki ni heshima. Chupa ndogo yenye kitambaa imekuwa alama ya meza kuu. Nilichokiona katika mikutano kadhaa ni kwamba ukumbi mzima unafuata meza kuu: mgeni rasmi akimiminiwa kwenye glasi, hakuna mkulima atakayeona amedharauliwa kwa kupewa glasi. Ukianzia nyuma ya ukumbi, watu wa nyuma watasema wameonewa, na watakuwa sahihi.

Kuhusu ile mifuko ya kijani, neno fupi. Mifuko mbadala tuliyoizoea tangu 2019, ile laini inayofanana na kitambaa, imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, nayo ni plastiki. Ni halali ikikidhi viwango vya TBS, Shirika la Viwango, inadumu kuliko rambo ya zamani, lakini si kitambaa. Kuisafirisha kutoka Dar es Salaam ili kumgawia mtu wa Newala, ambako mikeka na vikapu vya miyaa vinasukwa na mama zake, kulinisikitisha.

Sasa magari.

Wageni 30 wa Dar es Salaam walikuja na magari 20, mengi yakiwa mashangingi, mtu mmoja au wawili kwa gari pamoja na dereva. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,120. Ongeza mizunguko ya mjini, Mikindani, uwanja wa ndege, chakula cha usiku, ifike 1,200. Gari la aina hiyo likila lita 13 kwa kila kilomita 100, safari nzima ni lita 156. Kwa magari 20 ni lita 3,120 za dizeli. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo gari moja lilitoa kilo 420 hivi, na msafara wote tani 8.4.

Ziweke chupa kando ya hesabu hiyo. Hata tukiihesabia kila chupa gramu 100 za hewa ukaa katika kutengenezwa kwake, chupa zote 3,000 zinatoa kilo 300. Hazifikii gari moja. Kamati ilijadili chupa jioni nzima ya siku ya kwanza, na hakuna aliyetaja maegesho.

Maegesho yenyewe yalistahili kutajwa. Kusini jua la saa saba la kiangazi halina huruma, na madereva hawakuwa na mahali pa kukaa. Wakabaki ndani ya magari, injini zikinguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, wakati mwingine saa nzima kabla bosi hajatoka. Waandaaji waliohesabu viti vya ukumbi hawakuhesabu viti vya madereva. Baraza lenye feni, mkeka na birika la chai lingezima injini hizo bila hotuba.

Basi moja kubwa lingewabeba wageni wote 30 na viti vikabaki. Basi likila lita 35 kwa kilomita 100, safari ya kwenda na kurudi ni lita 392, karibu tani moja ya hewa ukaa. Hiyo ni takriban moja ya nane ya mafuta yaliyotumika. Kwa bei ya takriban Sh 3,000 kwa lita, dizeli ya msafara ilikuwa na thamani ya zaidi ya Sh milioni 9, na hapo hujagusa posho na malazi ya madereva 20.

Nilipoliweka hili mezani, majibu hayakuwa ya kipuuzi, na anayetaka kubadilisha chochote lazima ayasikilize. Ofisa mmoja alikagua maghala njiani, Kilwa na Lindi, akiwa na gari lake. Mwingine aliitwa Dodoma ghafla siku ya pili usiku. Wapo waliosema barabara ikikatika Somanga ni afadhali uwe na gari la juu, ingawa Mei 2024 mashangingi yalilala pale pale yalipolala mabasi. Halafu kuna dereva, ambaye mshahara wake ni mdogo na posho ya safari ndiyo inayolipa ada ya mtoto. Ukimwondolea safari bila kumfikiria, umefanya uhifadhi kwa jasho la mnyonge. Na kuna cheo. Mkurugenzi akishuka kwenye basi la pamoja stendi, ofisi yake itaulizwa kama fedha zimekwisha. Hayo yote ni ya kweli, lakini kati ya magari 20 sikupata zaidi ya manne yenye sababu ya kazi inayoshikika.

Jikoni nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mzabuni wa chakula alipikia nyuma ya ukumbi kwa mkaa, magunia yamepangwa ukutani. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mzabuni alijua. Mkaa wa tanuri la kienyeji hula kati ya kilo 5 na 10 za mti kwa kila kilo moja ya mkaa, na misitu inayoliwa ni ya Lindi na Mtwara hii hii, ambayo watu wake walikuwa ndani wakijadili mvua.

Wapo waliodhani jibu ni jepesi kwa kuwa huu ni mji wa gesi. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Gesi ya Mnazi Bay ni methani, inasafiri bombani, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoendesha mitambo ya umeme ya Mtwara. Gesi ya mtungi ni propani na butani, inaingia nchini kwa meli kutoka nje, na inapofika huku imeshabeba nauli ya barabara ya Kusini. Mama lishe wa Mtwara anayenunua mtungi hanunui gesi ya kwao. TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, imeunganisha baadhi ya nyumba za mjini na gesi asilia, na hilo ni jambo jema. Lakini mji unaotaka kuishi kwa mikutano ungeanza kuvuta bomba mpaka kwenye majiko ya kumbi, hoteli, shule na hospitali, kwa sababu sufuria moja la jiko hilo linapikia watu wengi kuliko majiko ya mtaa mzima, na mita moja tu ya kupima gesi inatosha.

Wapishi walikuwa na hoja yao pia. Pilau ya watu 250 haikamiliki bila kupalia: ukishakauka unafunika, unaweka makaa juu ya mfuniko na chini unapunguza, wali uive kwa mvuke wake. Kwenye gesi ya chini peke yake, sufuria kubwa linaunguza chini na juu linabaki bichi. Kwa hiyo anayesema waache mkaa kabisa hajawahi kupika shughuli. Tulichokubaliana baada ya kubishana ni kwamba maji, maharage, nyama na mchuzi, ambavyo ndivyo vinavyokula moto wa saa nyingi, viende kwenye gesi, na mkaa ubaki wa kupalia tu, ndoo mbili tatu badala ya magunia. Kuna waliotaja mkaa wa maganda ya korosho. Unafaa, mradi maganda yametolewa mafuta na kuchomwa mpaka yawe makaa kabla ya kufinyangwa, maana yakiwaka mabichi moshi wake unachoma macho na ngozi. Tatizo ni malighafi. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ghafi kwenda Vietnam na India, na maganda yake yanaondoka nayo.

Siku ya tatu chakula kilibaki kwa wingi wa kutia uchungu. Sababu haikuwa ya upishi. Mkataba ulimlipa mzabuni kwa sahani 250 kila siku, na posho zilianza kugawiwa jioni ya siku ya pili. Asubuhi ya tatu watu walisaini mahudhurio, wakanywa chai, wakaondoka na magari ya saa nne ya Masasi na Newala. Mchana viti vingi vilikuwa vitupu na masufuria yamejaa. Mzabuni hakuwa na sababu ya kupunguza, kwani alishalipwa, na mwandaaji hakuwa na namna ya kumzuia. Wali wa nazi haulali, kwa hiyo sehemu kubwa ilikwenda kwa bata na kuku, na iliyobaki ikaenda shimoni. Kuhesabu watu saa tatu asubuhi na kulipa kwa idadi hiyo, na kugawa posho mwisho wa siku ya mwisho, kungeokoa mchele mwingi kuliko kampeni yoyote ya kutosaza.

Mpaka hapa mtu anaweza kuona kama Mtwara inahitaji kufundishwa namna ya kupokea watu wengi bila kuharibu. Sikubaliani hata kidogo, na hili ndilo lililonifanya niuandike uchambuzi huu.

Wiki ile ile ya mkutano, mtaa wa pili kutoka ukumbini kulikuwa na shughuli ya unyago. Baada ya mavuno na kabla ya msimu mpya ndiyo nafasi ya shughuli huku. Watu waliokula pale hawakuwa pungufu ya wale wa ukumbini, na jioni sikuona chupa wala sahani ya kutupa. Vyombo vilikuwa vya chama cha kufa na kuzikana cha wanawake wa mtaa: masufuria makubwa, sahani za bati na za udongo, majagi, mabeseni ya kunawia, maturubai. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, nilimpa shikamoo nikamuuliza wanavihesabuje. Akanionyesha daftari. Kila kilichotoka kimeandikwa, kila kilichorudi kimetiwa alama, na aliyevunja analipa. Wasichana wanne walikuwa wanaosha sahani mfululizo, wakizungusha vyombo vichache viwatoshe watu wengi. Chakula kilichobaki kiligawiwa kabla ya magharibi, kila nyumba ikapata bakuli lake, na kwa kuwa ilijulikana tangu asubuhi kwamba kitagawiwa, hakuna aliyepika kwa kubahatisha.

Huo ni mfumo kamili. Una vyombo vya kurudi, una hesabu, una watu wanaojua idadi ya walaji bila orodha ya kusaini, na fedha yake inabaki mtaani. Unaijua pia ardhi: samaki wa Feri wa asubuhi, mihogo ya nazi, juisi ya ukwaju na ubuyu, chikandanga ya ming'oko, mizizi ya porini, ikiwa msimu wake. Wakati huo ukumbini chai ya saa nne ilikuwa na biskuti za paketi zilizosafiri kutoka Dar es Salaam, katika mkutano wa korosho, ndani ya mkoa wa korosho, na hakukuwa na kisahani cha korosho mezani. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya wakulima waliokaa pale.

Nilimuuliza yule mama kwa nini chama chao hakiombi kazi za kumbi. Akasema waliwahi kuulizia, wakaambiwa walete leseni, TIN ya mlipakodi, mashine ya EFD ya kutolea risiti na ushahidi wa kazi za miaka ya nyuma, halafu malipo yangekuja baada ya miezi. Wao hununua mchele kwa fedha taslimu. Wakaacha.

Mlango upo, lakini haujafunguliwa kwao. Sheria za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Chama cha mtaa kikisajiliwa kama kikundi na kuingizwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, kinaweza kuomba. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo inayojua njia hiyo, na mwandaaji wa mkutano ndiye anayejua tarehe, lakini wawili hao hawakutani. Zabuni nayo huandikwa kama furushi moja, chakula, maji, vyombo, mapambo na usafi, kwa hiyo mwenye mtaji peke yake ndiye anayeweza kuibeba. Ikigawanywa, mzabuni akabaki na chakula cha mchana, chama kikapewa vyombo, uoshaji, juisi na vitafunwa, kiasi cha fedha kinakuwa kidogo, wanawake wanaweza kukisubiri, na vyombo vya kutupa vinakosa sababu ya kununuliwa.

Kiwango cha kimataifa cha mikutano endelevu, ISO 20121, kilichotolewa mara ya kwanza 2012, mwaka wa Olimpiki za London, hakimwambii mtu anunue mifuko ya rangi gani. Kinamtaka mwandaaji ajue tangu mwanzo shughuli yake inagusa nini na nani, aweke malengo, awashirikishe wanaohusika, apime, arekebishe. Ukiutazama mkutano wetu kwa jicho hilo, karibu kila kilichoharibika kilishaamuliwa kabla mgeni wa kwanza hajavuka daraja la Mkapa la mto Rufiji: magari kwenye barua ya mwaliko, chupa, mkaa na makombo kwenye zabuni, viti vitupu kwenye ratiba ya posho. Jambo lililofanywa siku yenyewe, kwa mikono ya washiriki wenyewe, ni kupanda miche.

Miche nayo ilipandwa kiangazi. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Mche uliowekwa ardhini baada ya hapo unahitaji mtu wa kuumwagilia kwa miezi mingi, na mtu huyo ni mwanafunzi aliyebeba ndoo. Niliporudi shuleni pale, mingi ilikuwa imekauka. Mwalimu mkuu alisema kwa upole kwamba wangependa kupewa miche Desemba, na ikiwezekana iwe mikorosho iliyobebeshwa ya Naliendele, ambayo shule itavuna.

Tathmini yangu haikuwa ndefu. Kamati ilikubali madumu ya maji kuanzia meza kuu, ikakubali kulipia chakula kwa idadi ya saa tatu asubuhi, ikahamishia fedha ya miche kwenye Desemba. Zabuni ya mkutano ujao imegawanywa vipande viwili, na ofisa maendeleo ya jamii amekaa na kile chama mara kadhaa kuhusu usajili. Mashine ya EFD bado ni kikwazo. Jiko la gesi mzabuni amelikubali kwa masharti kwamba ukumbi ununue majiko makubwa, na mwenye ukumbi anasema atanunua akihakikishiwa mikutano ya mwaka. Hapo ndipo Manispaa ingeweza kuingia, kwa kuwakutanisha wenye kumbi na taasisi zinazowatumia na kupanga kalenda moja. Mwenye ukumbi mmoja hawezi kubeba gharama hiyo kwa kubahatisha.

Kwenye barua ya mwaliko nilipendekeza aya hii: "Washiriki wa kutoka Dar es Salaam watasafiri kwa basi la pamoja. Taasisi itakayoleta gari lake itagharimia yenyewe mafuta, malazi na posho ya dereva. Asiyeweza kusafiri atashiriki kwa njia ya mtandao. Tafadhali thibitisha siku utakazokuwepo, kwa kuwa chakula kitapikwa kwa idadi hiyo." Nikaongeza kwamba madereva wa magari yatakayobaki Dar es Salaam wapangwe kwa zamu kuendesha basi na magari ya mjini, wale wenye leseni ya daraja linalostahili, ili posho isiwapotee wote.

Rasimu iliporudi, sentensi ya pili ilikuwa imefutwa. Basi limebaki, lakini kwa hiari, na waliojiandikisha mpaka sasa ni maofisa wa ngazi za chini na waandishi wa habari. Barua hazijatumwa bado. Nimeomba nafasi kwenye kikao cha mwisho cha maandalizi, na hesabu nitakayokwenda nayo ni ya lita 3,120 dhidi ya 392, pamoja na orodha ya magari manne yaliyokuwa na kazi njiani, ili hayo yaruhusiwe kwa jina na mengine yakose kisingizio.